Viti Viwili vya Pikapu

Kwa Mama, nje ya Usinge
11 Novemba 2024

Baba Mektilda,

Salamu nitakupa mwishoni zikibaki. Mama hali yake si nzuri. Miguu imevimba mpaka magotini, ukibonyeza kidole shimo linabaki hapo hapo. Kulala hawezi tena. Anakaa kitako usiku kucha, mito miwili mgongoni, na akiteleza kidogo tu pumzi inakata, mimi naruka kumwinua. Ile karatasi ya rufaa tuliyoandikiwa Urambo inasema moyo umepanuka, apelekwe Tabora haraka, na hilo neno haraka wamelipigia mstari chini. Leo ni wiki ya tatu tangu waupige huo mstari.

Ulikuja na pikapu ukarudi mtupu, na sikulaumu. Nilimwona mama kwa macho yangu, kasimama mlangoni na fimbo yake, akakitazama kile kiti kirefu cha mbele mwanzo hadi mwisho, akasema, "Kiti kimoja na mkwe wangu? Kwa umri huu? Bora nife." Nikamwambia mimi nitakaa katikati yenu. Akanijibu kwamba ninaweza kukaa katikati mpaka nizeeke, kiti kitabaki kimoja. Nyuma kwenye bodi tulijaribu, na wewe ndiye uliyeendesha, hatukufika hata kisimani alikuwa anakohoa povu. Treni nayo ina ngazi ambazo hata mimi mzima nazipanda kwa kujivuta.

Miaka kumi na minne ya ndoa yetu hujawahi kumtazama mama usoni. Hajawahi kukusemesha ila kupitia kwangu, nawe hujawahi kumjibu ila kupitia kwangu. Wenzangu walikuwa wananionea wivu, wanasema mume wako ana adabu za kikwetu kabisa. Nilikuwa naona fahari. Sasa naziona hizo adabu zinataka kuniulia mama.

Huku mtandao hakuna, na siwezi kwenda kupiga simu dukani Usinge niyaseme haya mbele ya watu. Barua nampa Nikolaus wa bodaboda, ataikabidhi kwenye basi. Fanya kitu, mume wangu. Mimi akili imefika mwisho.

Mkeo,
Leonia


Tabora
14 Novemba 2024

Mama Mektilda,

Barua yako nimeipata jana jioni na sikulala. Asubuhi nikaenda moja kwa moja gereji kwa Idrisa, nikamweleza yote. Yeye ni mtu wa mjini, alitaka kucheka, akaona uso wangu akaacha.

Sikiliza sasa. Dawa imepatikana. Idrisa ana viti viwili vya gari dogo lililopinduka barabara ya Igunga. Gari lilikwisha, ila viti ni vizima kabisa. Kitambaa cha kijivu, hakuna palipochanika, kila kimoja na cha kuegemeza kichwa. Na hiki ndicho kilichonifanya nishike kichwa kwa furaha: kuna kishikio pembeni, ukivuta, mgongo wa kiti unalala au unainuka kadiri unavyotaka. Mama hatahitaji mito. Tutauweka mgongo pale pale pumzi yake inapopenda.

Kiti kirefu tunakitoa, tunaweka hivi viwili. Kila kimoja na miguu yake, na katikati nafasi ya gia na breki ya mkono. Mama anakaa chake, mimi changu. Hatagusa nilipogusa. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo: kila mtu na kiti chake.

Kazi inaanza leo. Jumamosi niko huko. Mwambie Mektilda baba yake anakuja na gari la kifahari.

Mumeo,
Renatus


Kwa Mama
17 Novemba 2024

Baba Mektilda,

Jumamosi imepita. Tulikaa tumevaa tangu asubuhi, mama kavaa gauni lake la kanisani la jumuiya. Kila pikipiki ikipita anainua shingo.

Nilipomweleza habari ya viti viwili aliuliza ni vya rangi gani. Nikasema kijivu. Akasema, "Huyo mtoto ana akili." Baba Mektilda, hajawahi kukusifu mbele yangu hata siku moja. Nilitoka nje nikalia kidogo.

Usiwe na wasiwasi, ana nafuu. Jana kala uji bakuli zima. Njoo salama, usikimbize gari, mvua zimeanza na bonde la kati ya hapa na Kaliua limeshakuwa uji.

Mkeo,
Leonia


Tabora
20 Novemba 2024

Mama Mektilda,

Namshukuru Mungu kwa hiyo nafuu. Nilivyosoma bakuli zima moyo wangu umekaa chini kwa mara ya kwanza wiki hii.

Samahani kwa Jumamosi. Hii kazi imenitoa jasho. Tulipokitoa kiti cha zamani na kuinua kapeti tukakuta kutu imekula sakafu, unaiona ardhi ya gereji pale chini. Halafu matundu ya bolti hayalingani kabisa. Miguu ya viti hivi imekaribiana, matundu ya gari letu yako mbali mbali. Idrisa akasema lazima achomelee vyuma bapa juu ya sakafu, afunge reli za viti juu yake. Chuma kizuri hakikupatikana, basi akakata miguu ya kile kiti kirefu akaitumia hiyo, chuma cha zamani ni kigumu. Kilichobaki cha kiti chetu kiko nje ya kibanda cha chai, kimewekwa juu ya matofali, watu wanakaa wanakunywa chai.

Kwa kuwa mama ana nafuu, nimeona bora kazi ifanywe vizuri kuliko haraka. Sitaki kiti kichomoke naye njiani. Changu kimekwisha, nimekikalia, kinapendeza. Cha mama kinafungwa kesho. Ijumaa, bila kukosa, mtaniona.

Mumeo,
Renatus


Kwa Mama
23 Novemba 2024

Renatus,

Ijumaa nayo imepita.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimemshika mama begani, nimefika pale uliposema "changu kimekwisha, cha mama kesho," nikaona giza. Viti viwili! Wewe mwanaume wewe! Chako na cha mama. Mimi nitakaa wapi? Mlivyopima matundu na reli zote hizo, wewe na huyo Idrisa wako, hakuna hata mmoja aliyehesabu watu? Mama hawezi kwenda peke yake. Kila baada ya muda anahitaji kuinuliwa, kufutwa jasho, kupewa maji kwa kijiko. Nani atamshika? Wewe? Wewe usiyethubutu kutazama hata kivuli chake? Kwenye kiti kirefu ningekuwa katikati yenu. Sasa umemtengenezea mama kichumba cha kukaa na mkwe wake wawili tu, bega kwa bega, saa sita za njia!

Na mimi pia nina langu la kukiri. Nafuu haikuwepo. Mama ndiye aliyenituma niandike hivyo, usije ukakimbiza gari ukaanguka bondeni, wajukuu wake wakose baba. Huo uji aliutapika. Sasa hivi midomo imekuwa ya bluu. Ana vipindi hanijui, ananiita jina la dada yake aliyekufa.

Kirudishe kile kiti cha zamani. Au mlete Idrisa aendeshe, wewe ukae nyuma. Au njoo bila kiti chochote, nitatandika godoro. Sijui. Ninachojua, nimempandisha kitandani leo na mkono wake umebaki na alama za vidole vyangu.

Mama kaniamuru nimwitie Mwalimu Ezekia, ana barua yake mwenyewe ya kukuandikia. Mimi kanitoa nje. Naiweka humu humu bila kuifungua.

Leonia


Imeandikwa na Mwl. Ezekia, kwa maneno ya Mama Minza
23 Novemba 2024

Mkwe,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mwalimu anaandika ninavyosema na nimemwambia asitengeneze.

Nasikia umeniletea kiti cha peke yangu. Ahsante. Nasikia pia mke wako anapiga kelele kwamba umemsahau. Ni kweli umemsahau. Mimi nilicheka mpaka kifua kikaniuma, na wao wanadhani ni ugonjwa.

Babu yangu alibeba pembe kwa bega kutoka huku mpaka Pwani, kwa miguu, akarudi na nguo. Mimi nashindwa kufika Tabora nimekaa. Aibu hii haiwezi kuendelea. Njoo na gari lilivyo. Leonia atapanda nyuma chini ya turubai, bado ana nguvu. Mimi nitakaa na wewe. Wewe utatazama njia, mimi nitatazama dirishani, na hatutakuwa tumevunja kitu.

Nilisema bora nife. Nilidanganya. Ninaogopa sana kufa. Usimwambie Leonia kwamba nimesema hivyo.

Njoo, mkwe wangu. Nimeomba mara moja, sitaomba tena.

(Alama ya kidole gumba)


Tabora
25 Novemba 2024

Mama Mektilda,

Barua zote mbili zimefika leo saa nne. Naandika nimesimama, kondakta anasubiri.

Ijumaa niliondoka. Sikufika popote. Nilipokanyaga breki pale njia ya kutokea mjini, kiti cha mama kikang'oka na vyuma vyake kikagonga dashibodi. Kama angekuwa amekikalia, sijui. Nikarudi, tumechomelea upya, safari hii nimekiruka ruka mwenyewe, nimemkalisha Idrisa na mkewe kwa pamoja. Kimeshika.

Kiti kirefu hakirudi, miguu imeshakatwa. Idrisa hawezi kuendesha, gari hili gia ya tatu inaruka usipoishikilia kwa mkono, na nje ya gereji hajawahi kwenda nalo. Ni mimi tu.

Natoka leo hii. Nitalala Kaliua, kesho kukipambazuka niko hapo. Nisamehe kuhusu wewe. Wallahi sikuhesabu. Kichwani mwangu wewe huwa upo tu.

Renatus


Kwa Mama
9 Desemba 2024

Baba Mektilda,

Watu wamekwisha kuondoka. Nimebaki na shangazi na watoto. Padri alikuja jana kusoma misa, alikuuliza, nikasema umerudi kazini. Uliondoka siku ya pili tu ya msiba. Watu wameona. Mimi nimekutetea, nimesema mtu ana mizigo ya watu sokoni inamsubiri, lakini mimi na wewe tunajua hakuna mzigo unaosubiriwa hivyo.

Sikuandikii kukugombeza. Nataka unisaidie kitu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi nilikuwa nyuma, mvua inapiga turubai, sikusikia lolote. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili ajue nipo. Pale Urambo uliposimama kwenye matuta, niligonga kile kioo cha nyuma kukuuliza anaendeleaje, ukaniinulia kidole gumba. Baba Mektilda, hujui nilivyofurahi. Nilipiga ishara ya msalaba, nikaimba mpaka Tabora. Halafu tukafika mlangoni pa hospitali na yule daktari akasema mama hayupo. Nikasema moyoni, kweli Mungu, amevumilia njia yote akazimikia mlangoni.

Shangazi ananiuliza maneno yake ya mwisho. Mimi mtoto wake sina. Hebu niambie, njiani alisema nini? Hata kama alikuwa anaweweseka. Hata kama ni neno moja.

Mkeo,
Leonia


Tabora
13 Desemba 2024

Leonia,

Barua hii nimeianza mara nne. Safari hii sitaichana.

Ulimfunga mkanda, ukamfunika shuka, ukainua mgongo wa kiti mpaka akasema hapo hapo. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha langu mpaka niliposikia mlango wake umefungwa. Tukaondoka. Nilifanya kama alivyoagiza, natazama njia. Nilikuwa namsikia anavyopumua, kama mtu anayevuta maji kisimani kwa kamba iliyokwisha.

Bondeni kabla ya Kaliua, gari linateleza, akasema, "Mkwe." Nikanyamaza. Wewe unajua nilivyozoea, mama akisema, wewe ndiye unayejibu. Nilikuwa nakusubiri ujibu, Leonia. Halafu akasema, "Simama. Niitie Leonia." Nilisikia vizuri kabisa. Sikusimama. Nilijiambia nikisimama kwenye tope hili gari halitoki, tutamwua. Na ilikuwa kweli, ndani ya lile bonde. Lakini tulitoka bondeni, tukaikuta lami, hakuna tope, na bado sikusimama. Niliona lami nikaona hospitali. Nikakanyaga mafuta.

Akasema tena, taratibu, "Renatus, mwanangu, niitie." Aliniita jina langu. Sikujua hata kwamba anajua kulitamka. Sikumjibu. Sikumtazama. Nilikaza macho mbele na shingo ikauma, nikawa najiona mtu wa heshima, naficha aibu yake, nampeleka nilikoambiwa nimpeleke. Ningegeuza kichwa mara moja tu ningeona. Sikugeuza.

Akanyamaza. Nikafurahi, nikasema amepata usingizi, hiki kiti kimemsaidia.

Pale Urambo kwenye matuta gari lilipotikisika, kichwa chake kikaniangukia begani. Ndipo nikamtazama. Ni mara yangu ya kwanza kuuona uso wa mama yako. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, sikuwahi kuambiwa. Macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi, hayakuwa dirishani. Alikuwa ameshakwenda, Leonia. Mkono ulikuwa umeanza kupoa.

Ndipo ukagonga kioo.

Sijui kile kidole nilikiinuaje. Ulikuwa umelowa, unatabasamu, nywele zimekushuka usoni. Sikuweza. Nikaendesha mpaka Tabora, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja umeshika bega lake asianguke, gia ya tatu nikaiacha iruke inavyotaka, na wewe nyuma unaimba. Nilizisikia nyimbo zote. Uliimba saa nzima na nusu kwa mtu ambaye hayupo, na mimi nilijua.

Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo. Alikuwa anakutaka wewe. Ndiyo maana niliondoka siku ya pili ya msiba. Kila aliyenipa pole alikuwa ananisifu nilivyomheshimu mama mkwe.

Renatus


Kwa Mama
17 Desemba 2024

Renatus,

Nimeisoma mara mbili. Ya tatu nimeshindwa, nimempa shangazi aishike, nikatoka kwenda kuchota maji na ndoo ilikuwa imejaa.

Kati yangu na mama kulikuwa na kioo tu. Ningekivunja kwa kiwiko.

Usidhani nililia kwa sababu hakupona. Kwamba haponi nilijua tangu midomo ilipogeuka rangi. Nilitaka afie mikononi mwangu, basi. Hilo ndilo lililobaki, na wewe ulilibeba kwenye hicho kiti ukapita nalo lami yote. Nimekutukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi mpaka watoto wamekimbia nje. Halafu nimekumbuka ile barua yangu ya bakuli la uji. Siku sita ulikaa gereji unafanya kazi vizuri, kwa sababu mimi nilikuandikia ana nafuu. Hizo siku sita ni zangu, nitazibeba mwenyewe. Wewe beba njia yako.

Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, usiniulize.

Lakini njoo kabla ya arobaini. Kwa basi, kwa treni, kwa miguu, utajua mwenyewe, ila gari hilo nisilione. Na ukifika usinitumie salamu kwa shangazi, wala usisimame nje ukingoja nikuite. Ingia ndani nilipo. Nitazame usoni, Renatus, uniambie tena kwa mdomo wako alivyoniita. Nataka kulisikia.

Leonia